Tunasoma Nini, na Tunamwambia Nani? Maoni Kuhusu Kupendekezeana Riwaya

Miongoni mwa malalamiko yasiyokosekana katika makongamano yetu ya Kiswahili ni hili la kwamba watu wetu hawasomi. Mwasilishaji husimama, akakohoa kidogo, akatangaza kuwa utamaduni wa kusoma umezikwa na kwamba kizazi cha simu hakina haja na riwaya. Wasikilizaji hutikisa vichwa kwa huzuni, kisha wote huenda kunywa chai. Ni nadra mtu kuuliza swali dogo linalopaswa kutangulia lile kubwa: wewe uliyeketi hapa, ni lini mara ya mwisho ulipomwambia mtu asiye mwanafunzi wako, wala mwanafunzi mwenzako, kwamba kuna riwaya fulani umeisoma na ungependa naye aisome? Makala haya yananuia kulishikilia swali hilo. Rai yangu ni kwamba riwaya ya Kiswahili nchini Kenya inao wasomaji wengi kuliko tunavyodhani, ila imepungukiwa na wapendekezaji. Sisi wanafunzi wa Kiswahili, tuliosoma riwaya nyingi kuliko majirani zetu wote, tumejitoa katika kazi hiyo na kuuachia mtihani wa taifa.

Nitaizungumzia Utange kwa sababu ndiko kwetu, na kwa sababu hoja isiyo na mahali huelea hewani. Utange ni sehemu ya Kisauni, Mombasa bara upande wa kaskazini. Ukiiacha barabara kuu iendayo Malindi, ukazipa mgongo hoteli za Shanzu na Bamburi na kuelekea upande wa bara, umefika. Huenda msomaji asiye wa Pwani amelisikia jina hilo kwa ajili ya kambi ya wakimbizi wa Kisomali waliokimbia vita vya mwaka wa 1991, kambi iliyofungwa katika miaka hiyohiyo ya tisini. Hii leo wamo humo Wamijikenda, wamo waliotoka bara wakajenga, wamo vibarua wa hotelini na wa bandarini, waendesha bodaboda, mafundi cherehani, na akina mama wauzao mahamri na viazi karai. Vibaraza viko tele, na maskani za vijana pia. Duka la riwaya sijaliona. Anayetaka kuazima kitabu katika maktaba ya umma sharti apande matatu, avuke daraja la Nyali, aingie kisiwani.

Ukitaka kujua ni nani anayewapendekezea watu wa Utange riwaya, fanya jaribio jepesi. Mwulize yeyote aliyefika kidato cha nne ni riwaya gani ya Kiswahili aliyoisoma. Jibu lake litakutajia umri wake. Akisema Siku Njema ya Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka wa 1996, huyo amekwisha kuwa mzazi, na pengine mwanawe yumo shule ya upili. Akisema Utengano ya Said Ahmed Mohamed, anakaribia makamo. Wa Kidagaa Kimemwozea (2012) ni kijana aliyeanza kuoa au kuolewa. Wa Chozi la Heri ya Assumpta Matei (2014) angali anahangaika na kazi. Wa Nguu za Jadi ya Clara Momanyi (2021) ndiyo kwanza ametoka shuleni. Kila rika limepewa riwaya yake moja, mithili ya marika ya jandoni, na aghalabu rika moja halijui hata jina la riwaya ya rika lililotangulia. Baba na mwana wanalala nyumba moja, kila mmoja ana riwaya yake moja aliyoisoma maishani, na hawajawahi kuzungumza juu ya yoyote kati ya hizo mbili.

Sisemi kwamba vitabu teule ni balaa. Lau si orodha hiyo, wengi wa majirani zangu wasingewahi kuishika riwaya ya Kiswahili mikononi. Lakini mtihani ni mpendekezaji wa ajabu. Hamjui anayempendekezea, hamwulizi anapenda nini, na siku anapokabidhi karatasi yake ya mwisho humtupa asimkumbuke tena. Fauka ya hayo, mtihani una tabia ya kumpokonya msomaji kile kitabu na kumpa kijitabu kingine badala yake. Sote twavijua vile viitwavyo miongozo. Nimekutana na vijana waliopata alama nzuri katika swali la riwaya bila kuisoma riwaya yenyewe. Wanajua dhamira zake kumi na mbili, wanajua wahusika wake kwa sifa zao zilizopangwa kwa nambari, lakini hawajui kilichotokea. Mtu wa namna hii hana cha kumpendekezea mwenzake. Atamwambia nini? Hakuna aliyewahi kukaa kibarazani usiku akawasimulia wenzake mwongozo.

Aidha, orodha hiyo ndiyo inayoamua uhai wa vitabu. Wachapishaji ni wafanyabiashara, na hatuwezi kuwalaumu kwa kuhesabu fedha zao. Kitabu kilichomo katika orodha huchapishwa tena na tena. Kilichotoka, au kisichowahi kuingia, husubiri msomaji mmojammoja, na msomaji mmojammoja haji ikiwa hakuna aliyemwambia. Watahiniwa wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 wamepangiwa kuufanya mtihani wa KCSE mwaka wa 2027. Hizo riwaya teule za miaka yote hiyo, ambazo zilimtegemea mpendekezaji huyo mmoja, nani atazisemea baadaye?

Tuzo nazo hupendekeza, lakini sauti yake hutoka mbali. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka wa 2021, wengi wa watu wa pwani hii ndipo walipolisikia jina lake kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata riwaya yake moja ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Yaani ilibidi habari izunguke kupitia Stockholm ndipo itufikie sisi tulio safari ya jahazi tu kutoka alikozaliwa mwandishi.

Sasa niwageukie wenzangu, na naomba wasinune. Tunapopata fursa ya kupendekeza riwaya, twaifanya kazi hiyo vibaya mno. Nilimsikia mwenzetu mmoja akimweleza kinyozi wake habari za kitabu alichokuwa amekishika. Alisema kwamba riwaya hiyo imesheheni maudhui ya ukoloni mamboleo, kwamba mwandishi ametumia mbinu rejeshi na sadfa kwa ustadi mkubwa, na kwamba usawiri wa wahusika wa kike unazua mjadala. Kinyozi alijibu, "Sawa, kaka," akaendelea na mashine yake. Kila alilosema mwenzetu lilikuwa sahihi, na darasani angepewa alama zote, ila katika maneno yake yote hayo hamkuwa na mtu hata mmoja. Hakusema ni nani, alitaka nini, alizuiwa na nani. Istilahi za uhakiki ni zana za karakana. Zina kazi yake, na mimi ni miongoni mwa wanaozipenda, lakini hakuna seremala anayemwuzia mtu kiti kwa kumwonyesha msumeno.

Hapa ningependa kumtaja hawe wangu (ndivyo Wagiriama tumwitavyo bibi). Hawe hakusoma, wala hakujifanya kusoma. Likizo moja nilikuwa naye nyumbani huku ninaisoma Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, riwaya iliyotoka mwaka wa 1976, kwa kazi ya darasani. Alichoka kuniona nimeinama kimya kutwa, akaniuliza kitabu kinasema nini. Nilianza kumweleza kwa lugha ile ya kinyozi, akanikatiza: "Nisomee." Basi nikawa namsomea kwa sauti kila alasiri, akiwa anapepeta au anasuka ukili. Habari ya Rehema, binti wa bwana tajiri wa mashamba, aliyekataliwa na ukoo wa baba yake kwa ajili ya weusi wake, ilimkaa sana. Tulipofika pale Rehema na mumewe Sulubu, mkulima mchapakazi, wamejenga maisha yao juu ya kipande cha ardhi na maneno kuhusu ardhi hiyo yameanza kuchomoza, hawe aliuacha ukili, akauliza: "Hiyo ardhi alipewa kwa mdomo, au kwa karatasi?"

Wahakiki wameandika mengi kuhusu riwaya hiyo, na baadhi yake nimeyasoma kwa faida kubwa. Sijaona aliyeuliza swali hilo kwa ufupi kiasi hicho. Katika sehemu zetu hizi, ambamo watu huzaliwa, wakazaa, wakazikana katika mashamba ambayo hati zake zimo katika majina ya watu wasiowajua, hakuna swali lililo kubwa kuliko la mdomo na karatasi. Hawe aliitambua riwaya ile kwa upande wa kidonda chake.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niandike. Hawe aliichukua hadithi ya Rehema akaenda nayo matangani, akaenda nayo kisimani, akawasimulia wenzake kama kwamba ni habari ya jirani. Wiki hazikupita nyingi, akaja kwetu binti mmoja wa upande wa pili wa barabara, akabisha hodi kwa adabu, akasema: "Shikamoo hawe. Nimetumwa na mama. Ati mna kitabu cha yule mwanamke aliyenyang'anywa shamba?" Huyo alikuwa amemaliza kidato cha nne miaka miwili nyuma na hakuwa amefungua kitabu tangu siku hiyo. Alikisoma kwa siku nne. Tazameni basi mnyororo huo: mwanamke asiyejua kusoma alifanikiwa kumpa riwaya msomaji ambaye mimi, mwanafunzi wa shahada ya Kiswahili, nilikuwa nikipishana naye njiani kila siku bila kumpa hata anwani ya kitabu.

Siri ya hawe, ikiwa ni siri, ni kwamba alikijua kitabu na alimjua anayemwambia. Kupendekeza ni kuvikutanisha hivyo viwili. Orodha ya "riwaya kumi bora za Kiswahili" haimfai mtu wa Utange, hata ikiwa imeandikwa na profesa, kwa maana haikumwuliza yeye ni nani. Chukua mfano wa Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka wa 1979. Kwa mtu wa kawaida utasema ni riwaya ya Zanzibar ya enzi ya ukoloni, naye atakuitikia kwa heshima tu. Lakini katika mtaa wetu hawakosekani wazee waliobeba magunia Kilindini, na vijana ambao baba au babu zao walibeba. Huyo mwambie habari za Rashidi, mtoto wa mchukuzi wa bandarini ambaye naye akaja kuwa mchukuzi, na jinsi makuli wa Unguja walivyogoma mwaka wa 1948. Kisha mkumbushe kwamba mwaka mmoja tu kabla yake, Januari 1947, wafanyakazi wa Mombasa nao walikuwa wamegoma mji mzima ukasimama. Hapo humwambii tena habari ya kitabu. Unamwambia habari ya babu yake, na kitabu kimo ndani yake.

Siku Njema nayo ina mlango wake kwa watu wetu, na nashangaa kwamba walimu wengi huupita bila kuufungua. Shujaa wake ni kijana aliyelelewa Tanga, mwana wa mwimbaji mashuhuri wa taarabu, anayevuka mpaka kuja Kenya kumtafuta baba yake hadi Kitale. Jina lake ni Kongowea Mswahili. Sasa, mkazi yeyote wa Utange aendaye mjini hupita Kongowea, hutazama soko lile kubwa na zile lori za vitunguu na maembe, na huenda kondakta akamshusha hapo kwa nguvu ikiwa gari halina abiria wa kutosha kuvuka daraja. Ni jina la kale la Mombasa yenyewe, na Walibora, mtu aliyekulia Kitale, akalichukua akampa kijana asiye na baba. Mwambie hivyo abiria mwenzako mkiwa mmekwama kwenye foleni hapo sokoni, halafu uone kama hatauliza kijana huyo alimpata baba yake au la. Walibora alipofariki jijini Nairobi mwezi wa Aprili 2020, waliomwomboleza wengi walimtaja kwanza kwa riwaya hiyo. Walikuwa watu wazima, wengine wenye mvi, na bado walikuwa wakiikumbuka kama mtu akumbukavyo safari.

Wapo watakaonicheka nikisema kwamba kijana wa bodaboda apewe kwanza Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, ya mwaka wa 1974, na mpelelezi wake Willy Gamba. Tumefundishwa kuzitenga riwaya pendwa na riwaya dhati, na kuzitazama zile za kwanza kwa jicho la pembeni. Mimi naona kijana anayesubiri abiria kwenye kituo, mwenye dakika kumi hapa na dakika ishirini pale, anahitaji kitabu kisichomwacha akiweke chini. Nagona ya Kezilahabi haitamfaa kituoni, na anayempa hiyo kwa kuanzia anamfukuza. Akishazoea kugeuza kurasa atauliza mwenyewe kama kuna kingine. Hapo ndipo mpendekezaji mwema anapokuwa tayari na jibu.

Kwa upande mwingine, kuna riwaya ambazo ningempa mzazi kabla ya kumpa mtoto. Rosa Mistika ya huyohuyo Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka wa 1971, na kwa muda ilizuiwa kusomwa shuleni nchini Tanzania kwa jinsi ilivyosema waziwazi mambo ya mapenzi na ya mwili. Waliozuia waliogopa itawaharibu wasichana. Nijuavyo mimi, mtu ambaye riwaya hiyo inamshika shingoni ni baba, kwa sababu Zakaria, baba yake Rosa, ni mlevi aliye mkali kwa binti zake bila kuwa karibu nao, na ukali huo haumlindi Rosa na chochote. Wako akina baba wengi katika mtaa wetu ambao wangeisoma kwa kimya kirefu.

Tahadhari moja lazima niitoe. Nimesikia watu wakihimiza usomaji kwa hoja kwamba riwaya itawatoa vijana wa Kisauni katika magenge ya mapanga na katika muguka. Sidai hivyo, na nadhani ni vibaya kudai hivyo. Kijana asiye na kazi atabaki hana kazi baada ya ukurasa wa mwisho. Tukiipa riwaya jukumu la polisi na la serikali ya kaunti tutaiua kwa uzito, na kijana mwenyewe atajua kuwa amepewa dawa badala ya hadithi. Mpe kitabu kwa sababu ni kizuri na kwa sababu unadhani atakipenda. Hilo latosha kabisa.

Je, tuseme kiasi gani? Wengine husimulia kisa chote hadi mazishi ya mwisho, msikilizaji akabaki hana sababu ya kusoma. Wengine, kwa kuogopa kuharibu taharuki, hawasemi lolote ila "soma tu, utaona mwenyewe," maneno ambayo hayajawahi kumfanya mtu asome chochote. Mohamed Said Abdulla anaweza kutufunza hapa. Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya yake ya kwanza yenye mpelelezi Bwana Msa, ilishinda shindano la uandishi la miaka ya 1957 na 1958 kisha ikachapishwa mwaka wa 1960. Nikitaka kuipendekeza humsimulia mtu mpaka maiti ipatikane, mpaka kila mmoja awe na neno lake kuhusu mzimu, mpaka Bwana Msa atulie na kiko chake. Hapo huomba maji ya kunywa, na nikisha kunywa husema nina haraka. Ni hila ya kizamani. Bibi zetu waliotusimulia ngano usiku wakatukatiza kwa kisingizio cha usingizi waliijua vyema.

Baada ya kusimulia kuna suala la kitabu chenyewe. Riwaya moja kwa kibarua wa siku ni ununuzi wa kufikiria mara mbili, kwa hiyo pendekezo lisiloandamana na kuazima mara nyingi ni maneno matupu. Methali ya nguo ya kuazima inatuonya kwamba haisitiri, lakini kitabu cha kuazima husitiri vizuri tu, na tena hurudi kikiwa na alama za mafuta ya mahamri zinazothibitisha kimesomwa. Nakala yangu ya Nyota ya Rehema ilipitia nyumba saba na haina tena jalada. Kingine, Kiu ya mwandishi huyohuyo, hakikurudi, na kila nikimwona aliyekichukua hunipungia mkono kwa furaha isiyo na hatia. Hasara hiyo naihesabu kuwa sadaka. Nisichokubali ni ule mtindo wa kupiga picha riwaya nzima, ukurasa baada ya ukurasa, na kuisambaza kwenye simu kwa mamia ya watu huku tukijiita wapenzi wa fasihi. Nakala moja iliyoazimwa watu saba ilinunuliwa. Nakala iliyoibwa haikumlipa mwandishi hata senti, nasi ndio tunaolalamika kwamba waandishi wa Kiswahili wanaishi kwa shida.

Nimependekeza kwa viongozi wa chama chetu kwamba katika jarida hili, kando ya makala za uhakiki ambazo hazina budi kuendelea, kuwe na ukurasa mmoja ambamo kila mwanachama anayerudi kutoka likizoni ataandika mistari michache: alimpa nani riwaya gani (bila kumtaja jina), kwa nini alimchagulia hiyo, na huyo alisema nini alipoirudisha, kama aliirudisha. Istilahi zisizidi mbili. Ningependa kujua, kwa mfano, mwenzetu wa Likoni alimpa nani Kufa Kuzikana, riwaya ya Walibora (2003) kuhusu uhasama wa kikabila, katika mahali ambapo vurugu za Agosti 1997 bado zinakumbukwa nyumba kwa nyumba. Ningependa kujua wa Changamwe anasomewa nini na abiria wenzake.

Kwa kuwa nimeomba wengine, nami nitoe changu, na hiki nampa msomaji wa makala haya. Katama Mkangi alitoka Ribe, ambako si mbali na Utange kwa mwenye miguu. Aliandika Ukiwa mwaka wa 1975 na Mafuta mwaka wa 1984. Mwaka wa 1986 serikali ya Kenya ilimtia kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Alipotoka akaandika Walenisi, iliyochapishwa mwaka wa 1995. Mwaka wa 1997 akawania urais wa nchi hii, na mwaka wa 2004 akafa katika ajali ya barabarani. Nilipoiulizia Walenisi katika duka moja la vitabu mjini, muuzaji aliniuliza kwa upole, "Ni ya kidato cha ngapi?" Nilimjibu kwamba si ya kidato, akaonekana kunisikitikia. Nakala niliyo nayo niliipata kwa mzee mmoja mwalimu mstaafu, nayo ina jina la mtu mwingine kabla yake, na jingine kabla ya hilo.

Anayesimuliwa humo anaitwa Dzombo, jina ambalo kila mtu wa Kwale atalitambua kwa mlima wake. Amewaudhi wakubwa wa nchi yake kwa kusema, nao wamemhukumu kifo. Hawatamnyonga wala hawatampiga risasi. Wamemtengenezea chombo cha kuruka angani, wamemfungia ndani peke yake, na chombo hicho kimekusudiwa kuwa kaburi lake. Dzombo anatazama vifaa vilivyo mbele yake, ambavyo hakuna aliyemfundisha kuviendesha. Chombo kinatetemeka, kinanyanyuka. Nakala ninayo chumbani. Anayeitaka na aje.